Mikono ya Mama Candida

Stella alikuwa mchambuaji wa maharage kwenye ghala la Abdulhadi, Kariakoo. Mazima aliyaweka kulia, mabovu kushoto, mawe akayatupa nyuma. Jioni wachambuaji walikung'uta khanga zao mbele ya mlinzi ndipo wakatoka. Nyumbani Ilala alipika ugali, siku nyingi kwa chumvi tu.

Binti yake, Candida, alikuwa na miaka sita na viganja vilivyopauka. Nesi wa zahanati alimvuta kope la chini, akaguna.

"Damu imepungua sana. Mpe maharage, kunde, choroko, dengu. Vinajenga mwili, na ukimpa na chungwa, damu inapanda haraka. Ni vyakula vya kawaida tu, mama."

"Nashinda navyo," Stella alisema.

Jumatatu alichambua maharage ya njano huku akimuwaza mtoto. Aliporudi alimkuta Candida ameshiba. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi, ila pumzi yake ilinukia maharage ya nazi. Ikawa kila Stella akishika maharage, mtoto anashiba. Viganja vikapata rangi, akaanza kuruka kamba uani. Jirani yao, Mwanne, aliuliza tu kama mbaazi nazo zinapita mikononi. Stella akasema hajawahi kupangiwa mbaazi.

Mwezi haujaisha, wateja wakaja ghalani kulalamika. Maharage yanaiva vizuri, walisema, lakini ukila sufuria nzima unaamka na njaa ileile. Abdulhadi akapika ya kila mchambuaji peke yake, akaonja, akamwita Stella.

"Mama Candida, mikono yako inakula maharage yangu."

"Ndiyo, bosi. Yanaenda kwa mtoto."

"Anaendeleaje?"

"Anaruka kamba."

"Alhamdulillahi." Akafikiri kidogo. "Endelea na kazi. Ila ya kwako tutayapeleka Buguruni. Kule wananunua kwa kikombe, hawana pa kulalamikia."

Stella alitaka kusema neno. Akamkumbuka Candida, akarudi kwenye maharage.

Baada ya wiki kadhaa, mwanamke aitwaye Sabaha alitoka Buguruni na mwanawe mgongoni, akiulizia duka kwa duka mpaka akafika ghalani.

"Dada, ni wewe unayechambua haya?"

"Ni mimi."

"Anuari nampa asubuhi na jioni, kama alivyoniagiza nesi. Mbona anazidi kwisha?"

Stella alimgeuza mtoto kiganja. Kilikuwa cheupe. Akaeleza kila kitu bila kuficha. Sabaha hakupiga kelele. Aliomba tu akamwone Candida, na jioni wakaenda wote Ilala. Alisimama uani akamtazama akiruka kamba, akamtazama mpaka miguu ikachoka.

"Kumbe yote yako hapa," alisema.

"Nikiacha, huyu atarudi kitandani. Mdogo wake nilishamzika."

"Na mimi sina mwingine."

Kesho yake Stella alivaa glavu mkono wa kushoto, wa kulia akauacha wazi. Candida akaacha kuruka kamba. Akawa anashinda ameegemea mlango, hapungui wala haongezeki. Sabaha alituma salamu kwamba Anuari sasa anaweza kukaa, ila kusimama bado.

Abdulhadi aliiona glavu, akauliza, akaelezwa. Akasema hana neno, ila mkono wa glavu unachelewesha kazi, aongeze kasi, guta la kupeleka mzigo Buguruni liko nje linasubiri.