Kiti cha Mwalimu Dominika

Uji wa ulezi ulipoletwa, Mwalimu Dominika alikuwa amekaa safu ya pili, karibu na dirisha, kwenye kiti cha plastiki cha bluu ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Kila alipojigeuza, kiti kiliyumba. Sweta yake alikuwa ameitundika kwenye mgongo wa kiti. Nje upepo wa Juni uliipiga mikaratusi ya hosteli bila huruma, na ndani watu walishika vikombe kwa mikono miwili, si kwa adabu bali kwa baridi.

Waandaaji waliyaita mafunzo hayo mafungo ya historia. Bertilla, mwalimu mwenzake aliyepangwa naye chumba kimoja, alikuwa ameshatania kwamba haya ni mafungo ya aina yake, hayana hata rozari moja. Wiki nzima walimu wa Sumbawanga wangekula, kulala na kusoma palepale, wajue ukoo wa kifalme wa Ufipa ulianzaje enzi hizo za kale, kisha warudi wakawafundishe watoto. Dominika alikuja kwa kupenda mwenyewe. Nyumbani Izia alimwacha binti yake Jenifer, wa darasa la pili, aangaliwe na wifi yake Edith. Mumewe Romani alikuwa safarini Tunduma na lori la mahindi.

Asubuhi hiyo mkufunzi wao, Mzee Felisian, alikuwa amefika penyewe kwenye habari hiyo.

"Chifu alikuwa ametoka," alisema. "Wakaja wanawake watatu, wageni wa mbali. Mke wa chifu akawapa kigoda cha mumewe, wakakaa. Tangu hapo nchi ikawa yao, na watoto wao wakatawala. Halikumwagika hata tone la damu. Ndiyo maana sisi Wafipa tunaitwa watu wa amani."

Dominika alikuwa ameifundisha habari hii miaka nenda rudi, na haikuwahi kumkosesha usingizi. Siku hiyo, labda kwa sababu ya kile kiti kilichomyumbisha, akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Yule mke aliyetoa kigoda, alikwenda wapi?"

Felisian akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo halisimuliwi, mwalimu."

"Alibaki palepale?"

"Halisimuliwi."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanawake watatu na vifurushi vyao: mmoja mrefu wa makamo, mmoja mnene, na mmoja msichana. Miguu yao ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa nne. Wakasimama nyuma ya ukumbi. Viti vyote vilikuwa na watu, na watu wote ghafla wakaona kitu cha kutazama ndani ya vikombe vyao.

Dominika alikuwa amelelewa akaleleka. Mama yake alimfinya mapaja utoto mzima ili ajue kwamba mgeni hasimami wakati wewe umekaa. Akainuka.

"Karibu mama, keti."

Yule mrefu akakitazama kiti, kisha akamtazama yeye. "Unanipa?"

"Keti tu, mama."

"Sema unanipa."

"Nakupa."

Mama mrefu akakaa. Kiti hakikuyumba.

"Ahsante, Mwalimu Dominika," alisema Felisian, naye alikuwa anamtazama yule aliyekaa. Mama mrefu akaitikia kwa kichwa, akachukua sweta, akaivaa. Ilimtosha. Felisian akaendelea na somo.

Dominika alibaki pale aliposimama. Aliogopa papo hapo, kabla hajajua anaogopa nini.

Msomaji asidhani watu walirogwa au walisahau. Kila mtu alikuwa ameona. Kengele ya chakula ilipolia, walimu wazima wenye shahada zao waliinuka huku wameshikilia viti vyao nyuma kwa mikono, wakavuka uwanja wameinama hivyohivyo mpaka bwaloni. Mmoja aliingia na kiti chooni, akafunga mlango. Hakuna aliyecheka. Mpishi alipakua wali na maharage kwa kila mwenye kiti, na sufuria likaisha kabla ya kumfikia Dominika.

Akamwendea Bertilla. "Bertilla, mimi ni nani?"

"Wewe ni Dominika," Bertilla alisema kwa sauti ya chini, "lakini kiti ulitoa."

"Kiti cha plastiki!"

"Niliona, dada. Na mimi naogopa kama wewe. Ningekupa hiki changu, lakini nikikupa, mimi nitakaa wapi?" Machozi yalimlengalenga, na mikono yake miwili ilikuwa imekamata kiti kwa chini.

Asubuhi Bertilla alikuwa bado anamwita mwalimu mwenzangu. Sasa alimwita dada, kama unavyomwita mtu uliyekutana naye stendi.

Dominika akaenda chumbani kuchukua begi lake aondoke zake. Yule mnene alikuwa kitandani kwake, amejifunika blanketi lililotoka Izia, begi likiwa chini ya kichwa chake. Alikuwa mpole. Akajisogeza kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba nafasi angependa iwepo, ila haipo.

"Mdogo wenu yuko wapi?" Dominika aliuliza, maana bwaloni alikuwa amemwona yule mrefu peke yake.

"Ametangulia nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Izia," alijibu yule mama, akafumba macho.

Dominika alitoka mbio. Alimpata Timoth, kijana wa bodaboda wa mtaani kwao, akapanda, na njia nzima alimwambia ongeza mwendo. Timoth akasema mshikaji wake alikuwa amempakia mwalimu mwingine kwenda nyumba hiyohiyo muda si mrefu. Alilisema hivyo tu, kama habari ya bei ya mafuta.

Uani msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Dominika, Jenifer katikati ya magoti yake, anasukwa. Mistari ilikuwa imenyooka kuliko alivyowahi kuinyoosha mama yake. Jenifer aliinua macho.

"Shikamoo," akasema, kwa adabu zote alizofundishwa.

"Jenifer! Mwanangu, njoo, twende."

Jenifer akamtazama msichana, kisha akarudisha macho. "Mama amesema nisiende na wageni."

Hata leo haijulikani Dominika alibakije amesimama. Wifi yake Edith alitoka na chai, akamwona, akageukia ukutani. "Wifi, wanasema uliwapa kwa kinywa chako," alisema. "Sasa mimi ningewafukuzaje?"

Alasiri lori la Romani likaegeshwa njiani. Dominika alimkimbilia kabla hajazima injini. Romani alikuwa mtu wa kubishana. Alibishana na matrafiki, na wapima mizani, na hata padre kuhusu urefu wa mahubiri. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akavua kofia, akaenda kubisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ndani zikasikika salamu za Kifipa, ndefu, za kuulizana habari za watu na za shamba. Alipotoka, uso ulikuwa umemshuka.

"Uliwapa kweli?"

"Alikuwa mgeni, Romani. Alikuwa amesimama."

"Basi." Akapangusa macho kwa kofia. "Lori wameniachia. Na lile shamba la kilimani. Si watu wabaya."

"Na mimi je?"

Romani akatazama tairi la mbele. "Wewe hukutajwa."

Alimpenda, na alilia aliposema hivyo. Hilo lazima lisemwe. Kisha akaingia ndani, kwa sababu chakula kilikuwa mezani.

Tutaje kabisa habari ya mafungo ili tusiirudie. Yalifungwa Ijumaa kwa amani. Mwalimu Dominika, yule mrefu, alitoa neno la shukrani, na Mzee Felisian akawakumbusha washiriki kwamba halikumwagika hata tone la damu. Wakapiga makofi wakiwa wamekaa.

Lakini siku ileile ya kiti, Dominika alishika njia ya Pito kwa miguu, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa mbele yake. Kila nyumba aliyopita, watu walimpungia mkono bila kuinuka. Njia ilikuwa kavu, vumbi tupu, mahindi yameshavunwa na mabua yanalia kwa upepo. Alikuwa na njaa, na hofu haikumtoka.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye boma la Minza. Minza alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe Ndalahwa walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na Dominika alikuwa mteja wake wa maziwa. Kwenye vikao vya mtaa bado waliitwa wageni, ingawa watoto wao wote walizaliwa hapohapo. Ndalahwa alikuwa ameshuka na ng'ombe bonde la Rukwa kutafuta malisho. Minza alikuwa peke yake uani, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Habari za mjini zilikuwa hazijamfikia.

"Mwalimu! Mbona kwa miguu, na baridi hii?" Tayari alikuwa ameinuka, anakipangusa kigoda kwa upindo wa kitenge. "Karibu, keti."

Dominika akatazama miguu yake. Ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo.

Hapo ndipo alipojua yule mke wa chifu alikwenda wapi. Alitaka kusema, rudi ukae, Minza, kishikilie kwa mikono miwili. Maneno alikuwa nayo yote. Aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi, kwa sababu asubuhi alikuwa anawaogopa watu wengine.

"Unanipa?" akauliza.

Minza akacheka. "Jamani, mwalimu, nikunyime kigoda?"

"Sema unanipa."

"Nakupa, mama. Keti, umechoka."

Akakaa. Kigoda kilikuwa bado na joto. Kicheko cha Minza kilikatika. Akaanza kuangaza huku na huku uani kwake, kama anayetafuta mahali pa kusimama.

Ndani ya nyumba mtoto aliamka, akaita, "Mama!"

Wanawake wote wawili walifungua kinywa.

"Abee," akaitika Dominika.