Kijiji Chenye Rambo Moja

Limi hakuwa na ugomvi na Wafilipino. Hakuwahi kumwona hata mmoja, na kama wangekaa kwao na samaki wao asingewasema. Lakini mtendaji wa kijiji, Juvenali, alirudi kutoka semina ya wilayani na karatasi sita zilizobanwa pini, akatangaza kwamba kijiji kinachotaka kusaidiwa kiandike kwanza wasifu wake, tena kwa kufuata mfano. Mfano wenyewe ulikuwa wasifu wa mji mdogo wa pwani huko Ufilipino. Nani aliuleta Biharamulo, Mungu anajua.

Juvenali akausomea mkutano mzima. Mji ule una meya. Una wavuvi, una minazi, una pwani ya kilomita kumi na moja, una sikukuu ya dagaa kila mwezi wa tano, na kila mwaka hupigwa na vimbunga. Watu walisikiliza kwa adabu, kama wanaosimuliwa habari za mkwe tajiri. Mwishoni mzee Bulugu akauliza: sasa watu wenye yote hayo, na wao wanaomba nini?

Limi alitaka kitu kimoja tu, lambo la kunyweshea ng'ombe. La zamani lilibomoka ukingo wakati wa masika, maji yakaenda zake bondeni, likabaki tope la kufugia vyura. Bila lambo ng'ombe watahama. Ng'ombe wakihama, mume wake Malongo anahama nao, na mke je, abaki na nani? Walishatoka Shinyanga, wakakaa Geita miaka sita, ndipo wakaja huku upande wa Nyantakara. Hapa alikuwa na nyumba ya bati, shamba la mihogo lililokubali, na binti yake Kwandu alikuwa darasa la saba. Kuhama tena alikuogopa kuliko nyoka, na alimwambia hivyo kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Basi wakajaza. Urefu wa pwani: Limi alilizunguka lambo kwa miguu, akapata hatua mia nne na ishirini, zikaandikwa. Samaki: kambale, wachache, wenye hasira. Sikukuu: siku ya mnada. Kwenye vimbunga kikao kilitaka liandikwe jina la mke mdogo wa Bulugu, Juvenali akakataa, akasema huu ni waraka wa serikali.

Sasa, Juvenali ni Mhangaza wa Bugarama, kijana mwadilifu kabisa, ila ulimi wake na herufi L havijawahi kupatana. Anakwenda kurima, anakura wari, anarara mapema. Wasukuma wa kijijini walishamzoea. Alipowasomea wasifu uliokamilika, kwamba kijiji kina rambo moja kubwa, rimetoboka, harishiki maji, na wananchi wanaomba rambo jipya, wote walipiga makofi. Hakuna aliyeomba kuiona karatasi.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba likafika gari jeupe. Akashuka dada mwenye miwani, Consolatha, afisa mazingira. Alimwamkia Limi shikamoo, akasema amekuja kwa ajili ya rambo. Naye alikuwa Mhaya wa Muleba, kwake L na R ni mapacha, na mama yao hajui yupi ni yupi. Limi alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Kuku akachinjwa. Baadaye ndiyo alikuja kujua kwamba, wakati kuku anachemka, mgeni aliandika kwenye daftari lake: huenda ni jaribio la rushwa.

Wakamsindikiza kwa nyimbo hadi lamboni. Consolatha akatazama huku na huku.

"Hilo rambo liko wapi?"

"Umesimama ndani yake," Limi akasema.

Consolatha akaangalia viatu vyake, vilikuwa vimeshazama. Akasema yeye haoni mfuko wowote. Mfuko gani tena? Mfuko wa rambo, mama, plastiki iliyopigwa marufuku. Si mmeandika wenyewe kwamba mnalo moja kubwa, limetoboka, na mnaiomba serikali iwape jingine? Wilayani walicheka mpaka mtu akamwaga chai, halafu wakamtuma yeye aje aone ni kijiji gani hiki kinachofanya masihara na serikali.

Limi akaomba karatasi, akaisoma neno kwa neno. Hasira zilimpanda, halafu ikaja aibu, maana alikuwa na miguu ya kulizunguka lambo zima lakini hakunyoosha mkono kusoma mstari mmoja. Juvenali alikuwa ameinamisha kichwa. Akajitetea kwa sauti ya chini kwamba ndivyo rinavyoandikwa.

Consolatha akaelewa kwamba walikuwa wanaomba lambo, wala hakucheka. Alisema orodha ya malambo inafungwa Alhamisi, yaani kesho kutwa, kwa hiyo mtendaji asahihishe hapohapo. Limi aliiwahi kalamu. Hakumtukana Juvenali, ingawa maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Alikata R moja baada ya nyingine, juu yake akaweka L kubwakubwa, afisa akatia sahihi pembeni. Majibu yatachukua miezi miwili, akasema, na hawezi kuahidi.

Limi alipofika nyumbani alimkuta Malongo ameshafunga godoro juu ya mkokoteni. Malongo alisikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akasema ng'ombe hawanywi sahihi. Upande wa Kakonko kuna mto, na kesho alfajiri wanaondoka.

"Baba Kwandu," Limi akasema, "nimehama mara mbili kuwafuata ng'ombe wako. Safari hii nabaki. Wewe ukitaka kwenda nenda, ila godoro ni langu."

Malongo bado alikuwa ameshika kamba. Katika miaka kumi na tano ya ndoa alishaitwa mkaidi, mchoyo na kichwa cha ng'ombe, lakini neno nabaki hakuwahi kulisikia. Akauliza, kama anauliza hewa, mto ulio karibu zaidi na hapa uko mbali kiasi gani. Limi akamjibu kwamba kwenda na kurudi ni siku nzima, na kwamba watapeana zamu ya kuwapeleka ng'ombe kunywa, leo yeye kesho mwenzake, mpaka majibu yaje.

Malongo akalegeza fundo. Akamwambia ashike upande wa pili, maana godoro lilikuwa zito.