Macho ya Vifungo

Kuna watu waliopewa mikono, na kuna watu waliopewa simu. Mungu akitaka kucheka, humleta yule wa simu ajifunze kwa yule wa mikono.

Ndivyo Ornella alivyofika kwa bibi Kanyere, huko Kimemi mjini Butembo, alasiri tatu mfululizo, kucha zake ndefu kama vijiko vya chai. Kanyere alikuwa na miaka sabini na mmoja. Wajukuu wake walimwita Mukaka, yaani bibi, na kwa kuwa aliwashonea hata watoto wa jirani, mtaa mzima ukamwita Mukaka. Kwa mabaki ya vitambaa vya vikwembe aliyopewa na mafundi cherehani alitengeneza wanasesere: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, na tumboni vitambaa vilivyokatwakatwa mpaka vikawa laini kama pamba. Uso aliuchora kwa sindano.

"Macho ni ya uzi, siku yote," alimwambia Ornella. "Unapitisha sindano mara saba, unafunga fundo ku mugongo ya kichwa. Hapana butoni, hapana shanga, hapana mbegu. Mutoto wa meno ya maziwa anaangaliaka dunia na kinywa."

"Mais Mukaka, macho ya uzi haionekanake muzuri mu telephone."

"Hii poupée ni ya telephone ao ni ya mutoto?"

Ornella akacheka, akaipiga sindano picha. Kuishika, hakuishika.

Alikuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, akijiita Mama Mikono. Watu elfu kumi na moja walimfuata humo ili awafundishe kazi ndogondogo za nyumbani: kushona bibu ya mtoto, kutengeneza gari kwa kopo la maziwa, kukaanga mikate ya ndizi. Katika video ya mikate, mikono iliyokanda unga ilikuwa ya msichana wa kazi. Mdomo ulioonja ulikuwa wa Ornella. Watu wakaandika: "Bravo, Mama Mikono!"

Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, Joyeuse, mkwe wa Kanyere, akatoka jikoni na simu mkononi.

"Mama, kuja uone. Ornella iko anakutaja jina."

Kwenye kioo Ornella alimwinua mwanasesere wa kikwembe cha njano. Usoni, vifungo viwili vyeusi viling'aa kama macho ya panya gizani. "Hivi njo Mukaka Kanyere wa Kimemi alinifundishaka," alisema kwa sauti ya asali. Alieleza kwamba wanasesere thelathini kama huyo, kazi ya mikono yake mwenyewe, wamekwisha kupelekwa Beni, kule Mulekera, kwa Mama Nasiba, anayelinda watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Wangegawiwa leo hii, saa saba. Kuhusu mikono, Kanyere aliitambua mishono ile: ilikuwa ya vijana wa fundi wa pale sokoni. Watu mia nne walikuwa wameweka mioyo myekundu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Kanyere alisogeza simu mpaka ikagusa pua.

"Hizi butoni, alizishona ao alizibandika?"

Joyeuse alirudisha picha nyuma. Juu ya meza ya Ornella, kando ya maua ya plastiki, kulikuwa na kichupa cha gundi.

Kanyere akakaa. Aliwahi kumwona mtoto akigeuka rangi ya majivu kwa punje moja ya mahindi, na mama yake akimtikisa tu bila kujua la kufanya. Mtoto yule alipona. Lakini Kanyere hakuwahi kuusahau ule ukimya wake. Na sasa, kama mwingine angenyamaza vile huko Mulekera, angenyamaza kwa jina lake yeye.

Joyeuse alipiga simu mara tatu, Ornella hakupokea; namba ya Nasiba hawakuwa nayo. Akaandika: "Mukaka anasema mutoshe macho, mubandue zile butoni, batoto batameza." Jibu likarudi palepale: moyo mwekundu na viganja viwili vinavyopiga makofi.

"Hata hakusoma," Joyeuse alisema.

"Kusoma kunaharibu kucha. Lete makasi."

Joyeuse hakubishana. Alifunga makasi, sindano na uzi mweusi katika mfuko mmoja, akaongeza mikate ya ndizi iliyokuwa bado na moto wa sufuria, maana kwa watoto mtu haendi mikono mitupu.

Djuma, jirani yao mwendesha pikipiki, alikuwa akiosha pikipiki yake ili apumzike siku hiyo.

"Mukaka, na makasi kubwa hivi? Unaenda kutahiri nani?"

"Ninaenda kutosha watu macho. Ku Beni."

"Wangapi?"

"Makumi tatu."

Djuma alimtazama, akamwaga maji yaliyobaki. "Panda. Njo utanielezea mu njia." Akavua koti lake akamvika, kwa kuwa upepo wa vilima vile hauheshimu uzee, na kila penye shimo alipunguza mwendo kama aliyebeba mayai. Kanyere aliyaona yote hayo.

Kwenye kizuizi askari aliufungua mfuko. "Mama, makasi hii ni ya nini?"

"Ni ya kutosha poupée macho, mwana wangu."

Djuma akaangalia mbingu. Kanyere akaeleza taratibu: vifungo, gundi, koo za watoto. Askari alisikiliza mpaka mwisho.

"Miye niko na moja wa myaka mbili ku Kisangani," alisema. "Mupite, Mama." Akaufunga mfuko mwenyewe, kwa fundo lilelile alilolikuta.

Walifika Mulekera saa saba imepita. Uani kwa Nasiba palikuwa na hema la turubai, na chini yake bwana mmoja aitwaye Zorobabel, kiongozi wa sherehe, alikuwa ameshika kipaza sauti, ingawa umati wote ungeweza kumsikia hata akikohoa tu. Suti yake ilikuwa ya mtu mnene zaidi. Aliwashukuru wakuu waliokuwepo, wakuu wasiokuwepo, na wakuu watakaofika mwaka ujao. Watoto walikaa kwenye mikeka, wamekatazwa kusogea, kamasi zinawatiririka. Wanasesere walikuwa bado ndani ya kikapu, mezani, wamefunikwa kitambaa cheupe. Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, hotuba ndefu ilikuwa imewafaa watoto.

Kanyere hakusalimu. Alikwenda mezani, akafunua kikapu, akamshika mwanasesere wa juu. Makasi hayakuhitajika. Aligusa kifungo kwa ukucha, kikaanguka mezani chenyewe.

"Mukaka!" Ornella alikuja mbio kwa viatu virefu, simu mbele. "Karibu! Mais... unafanya nini? Tuko en direct mu telephone!"

"Endelea. Batu baone."

"Lakini unaharibisha macho!"

"Hii si macho. Ni mawe mu koo ya mutoto."

Nasiba alisogea, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani. "Mama, kuna nini?" Kanyere alikiweka kifungo kwenye kiganja chake, kisha akamwonyesha kidole mtoto mmoja aliyekuwa akitafuna pindo la mkeka. Nasiba hakuuliza mara ya pili. Alileta sahani ya bati, akavuta kiti, akaanza kubandua naye. Kanyere alimpenda papo hapo.

"Wapenzi wageni," Zorobabel alitangaza, "programu inaendelea, sasa ni kipindi cha, euh, matengenezo."

Vifungo vikalia ndani ya sahani. Kanyere alihesabu wanasesere: ishirini na tisa. Alihesabu vifungo: hamsini na nane.

"Ya makumi tatu iko wapi?"

"Ah, ile nilimupatiaka kale kadogo, ka Élise, juu ya kumupiga photo," Ornella alijibu. "Alitoka muzuri sana."

Élise alikuwa mtoto wa miaka miwili, wa jirani aliyekwenda shambani. Alikaa peke yake mlangoni, mwanasesere amelala kifudifudi mapajani pake. Kanyere alimgeuza mwanasesere. Jicho moja. Mahali pa lile jingine palibaki tone kavu la gundi.

"Labda ilibakia Butembo," Ornella alisema upesi.

"Mu photo alikuwa na macho ngapi?"

Ornella aliangalia simu yake. Yalikuwa mawili.

Hapo ndipo uwanja ulipovurugika. Watu wakainua mikeka, wakatikisa watoto, wakapekua mchanga. Zorobabel alitangaza kwa kipaza sauti kwamba linatafutwa jicho moja, jeusi, la duara, na mwenye kuliona aliwasilishe kwa protokole. Ornella alipiga magoti vumbini na gauni lake la bluu, akitafuta mahali palipo safi zaidi.

Kanyere hakutafuta chini. Alimtazama mtoto. Élise alikuwa kimya mno kwa mtoto aliyezungukwa na kelele. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na shavu la kushoto lilikuwa na uvimbe mdogo, uliosogea, ukatulia.

"Iko naye mu kinywa!" Ornella alipiga kelele.

Wote wakamrukia. Zorobabel alitupa kipaza sauti, akanyoosha mikono. "Tumugeuze! Tumushike miguu, kichwa chini!" Mtoto akarudisha kichwa nyuma, macho yametoka, pua ikaanza kuvuta pumzi ya kilio.

"Zorobabel," Kanyere alisema chini chini, bila kugeuka, "ukigusa huyu mutoto, nitakugeuza weye. Anapumua muzuri. Akishtuka, akivuta ile pumuzi ya kulia, butoni itaenda nayo. Mutoke. Wote. Na weye wa telephone, funga kinywa."

Nasiba alipanua mikono yake minene, akawasukuma nyuma kama mtu afukuzaye kuku.

Kanyere alikaa chini mlangoni, akanyoosha miguu, akapumua kwa nguvu kama mzee aliyechoka, ambavyo ndivyo alivyokuwa. Hakumtazama Élise. Alifungua mfuko, akamega mkate mmoja wa ndizi, harufu yake tamu ikatoka, akaula kidogo. Kisha akamsemesha mwanasesere.

"Weye wa jicho moja, uko na njala? Eh? Unataka kamukate?" Akamwekea chembe mdomoni. "Aa, hakuna nafasi. Kinywa yako imejaa. Mukate haiingiake mu kinywa yenye iko na kitu. Ni hasara kweli. Basi nitakula miye."

Akala. Élise aliangalia mkate ukipungua. Uwanja mzima ulisimama. Hata Zorobabel alikuwa hana neno, jambo ambalo baadaye watu wa Mulekera walilizungumza kuliko sherehe yenyewe. Mkono wa Kanyere ulimega tena polepole, kana kwamba siku hiyo ilikuwa na saa mia.

"Kamebakia kamoja," alisema. "Ka nani?"

Élise alijisogeza. Akamgusa goti.

"Kako? Sawa." Kanyere aliweka mkate mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akautandaza chini ya kidevu cha mtoto kama bakuli. "Nipatie yako, nikupatie yangu."

Mtoto alifikiri. Ulimi ulizunguka ndani ya shavu mara moja, mara mbili. Kisha akainamisha kichwa, akafungua midomo, na kifungo kikateleza na mate mpaka kiganjani.

Kanyere alikifumbata kifungo. Alimpa mtoto mkate wake, kwa kuwa ahadi ni ahadi, akambusu utosi. Nyuma yake wanawake walipumua kwa pamoja, mmoja akasema "Alhamdulillah", mwingine akafanya ishara ya msalaba, na Nasiba akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu na kikombe cha maji kwa ajili ya Mukaka.

Ornella alikuja kwa ncha za vidole.

"Mukaka, asante sana. Mais, pardon... telephone ilianguka kwa ile fujo yote ya watu. Sikukamata kitu. Tunaweza kurudilia? Kidogo tu, pale mutoto anatapika butoni?"

Kanyere alimgeukia. Akamnyooshea kiganja, na kifungo juu yake bado kina mate.

"Ndiyo, turudilie. Kamata, weka mu kinywa yako weye mwenyewe. Miye nitashika telephone."

Kicheko kilianzia kwa Djuma, kikapita kwa wanawake, kikamfikia mpaka Zorobabel, ambaye hakujua anacheka nini. Ornella alirudisha simu ndani ya mkoba. Kwa haki tuseme, uso wake ulikuwa umeshuka, na hakuuinua upesi.

Lakini watoto hawakuja kusikia kicheko. Walikuja kupewa. Kanyere alitoa sindano sita na uzi mweusi, Nasiba akaita wanawake wanaojua kushona, wakakaa mduara, na kila mtoto akasimama mbele ya fundi wake akingoja mwanasesere wake afunguliwe macho. Djuma aliwagawia mikate. Élise alimleta mwanasesere wake mwenyewe, kifungo kilichobaki kimekwisha kubanduliwa, akautazama mduara, na kwa sababu ambazo watoto hawazisemi, akamweka mapajani pa Ornella.

Nasiba akamkabidhi Ornella sindano ya sita. "Kamata. Si weye njo Mama Mikono?"

Ornella aliulamba uzi, akakosa tundu. Akakosa tena. Kanyere, aliyewahi kumsaidia kila mtu aliyepita mlangoni pake, hakumsaidia. Mara ya nne uzi ulipita. Ornella alishona, akajichoma, akanyonya kidole, akashona. Alipomaliza, jicho moja la mwanasesere lilikaa karibu na sikio na jingine lilipanda kwenye paji la uso.

Élise alimtazama mwanasesere, akakunja uso.

"Anaangalia wapi huyu?" Djuma aliuliza.

"Iko anatafuta mwenye alimushona," Nasiba alisema, "apate kumuuliza."

Ornella akajaribu kucheka pamoja nao. Kanyere alimchukua mwanasesere, akavuta uzi kwa nguvu. Jicho la pajini likatoka lote mara moja.

"Haukufunga fundo," alisema, akamrudishia. "Mara saba, na fundo ku mugongo. Tosha na hii jicho ingine. Anza tena. Mutoto iko anangojea."

Na Élise, midomo imejaa ndizi, akaketi juu ya kiatu cha Ornella ili asimwache aondoke.