Siku Ambayo Verlin Hakuzomewa

Kiwanja cha ndege cha kijiji kile cha Alaska kilikuwa ukanda tu wa kokoto kando ya mto, na pembeni yake benchi la watu wenye midomo michafu. Ukitua vizuri, hawakukutazama. Ukitua vibaya, walikuzomea mpaka ukatamani ardhi ikumeze, na aliyewapita wote kwa maneno makali ni Ambrose, fundi wa injini. Mgeni angedhani wanachukiana. Wapi! Aliyezomewa bado alihesabiwa rubani. Kesho yake angeruka tena.

Verlin Haugstad alikuwa na miaka sabini na mitatu, na karibu hamsini kati ya hiyo aliitumia kurusha ndege ndogo zenye gurudumu la mkiani. Ndege hizo zina kiburi. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, basi zikishagusa chini mkia hutaka kutangulia mbele, ndege igeuke yenyewe. Dawa yake ni miguu. Rubani hukanyaga pedali kushoto, kulia, kushoto, mpaka ndege isimame kabisa. Nusu ya marubani wa bonde lile walifundishwa na Verlin, na wengi walionja kofi lake la kisogoni kwa kupumzisha miguu mapema.

Tangu majira ya baridi, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Alificha, hasa kwa binti yake Maren, rubani mwenzake.

"Baba, mbona unachechemea?"

"Kiatu kipya."

"Kipya? Hicho umekivaa tangu niko shule!"

"Basi kimezeeka kama mimi. Niache."

Maren hakucheka. "Sikiliza, baba. Siku miguu ikikushinda, unaacha kuruka. Niahidi."

Aliahidi, akijua anadanganya. Tangu afiwe na mkewe, ndege ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi. Bila hiyo angeamkia nini?

Jumamosi moja ya Juni alikuwa akirudi kutoka kambi ya wavuvi na mzigo wa samaki waliokaushwa kwa moshi. Upepo ulitoka kulia, wa kawaida tu. Aligusa chini kwa ulaini, akajisifu moyoni. Ndipo pua ikaanza kugeukia upepo. Akakanyaga kushoto, au alidhani amekanyaga. Kutazama chini, mguu umeteleza kwenye pedali, umelala sakafuni, naye hana habari. Alipourudisha, mkia ulikuwa umeshampita. Ndege ilizunguka, bawa la kushoto likachimba kokoto, gurudumu likakunjika, vumbi likafunika kila kitu.

Alitoka mzima. Akasimama kando ya bawa, akawageukia watu wa benchi, akasubiri.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikuja polepole, kofia mikononi. Mmoja akamshika kiwiko. Mwingine akasema upepo wa leo ni mbaya, yeyote angeshindwa. Uongo mtupu, upepo ule hata mwanafunzi angeuweza.

"Ambrose, umemeza ulimi?"

"Umeumia, Mzee Verlin?"

Miaka thelathini Ambrose hakuwahi kumwita mzee. Alimwita bata mzinga, alimwita kibogoyo.

"Nizomee."

"Njoo ukae kwanza, tukuletee maji."

"Nimesema nizomee, bwege wewe! Watoto wa watu umewazomea mpaka wakalia. Mimi nina nini?"

Ambrose akafumbua mdomo. "Hata bibi yangu angeweza..." Akainama kutazama viatu vyake.

Kumbe walijua. Walikuwa wameuona mguu ule miezi yote, wakanyamaza kwa kumpenda, na sasa walikuwa wakimhurumia. Iliuma kuliko mfupa uliovunjika.

Maren alifika mbio, akamkumbatia. Hakutaja ahadi.

"Nimeacha," Verlin alisema begani mwake. "Usinibembeleze. Nimeacha."

Waliisukuma ndege pembeni. Haukupita muda, ndege nyingine ikaja kutua, ya binti mmoja aliyepata leseni mwezi uliopita. Ikadunda mara tatu, ikayumba huku na huku, ikasimama karibu na majani.

"Weee! Unatua au unapanda viazi?" Ambrose alifoka, na benchi zima likalipuka kwa kelele. Yule binti akatoa kichwa dirishani, uso umemwiva kwa haya, akawatolea ulimi.

Verlin alifumbua mdomo naye amzomee. Alimwonea wivu, na kilichotoka kilikuwa kilio.