Tairi la Nyuma Kushoto

Gari la abiria la Melania lilikuwa juu ya jeki, gereji kwa Clemens pale Katoro. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zikachungulia, na upande wa nje kashata zake, yale meno ya mpira, zote nzima.

"Mama Goodness, gari za aina hii ndivyo zilivyoundwa," alisema Clemens. "Zikielemewa nyuma, gurudumu linatanua mguu, kichwa kinaingia ndani. Tairi linakanyaga kiubavu. Nani anakaa hapo kila siku?"

"Baba Goodness."

Clemens akachungulia. Stanslaus alikuwa kiti cha nyuma, mikono magotini. Duara, lile shimo lao la dhahabu kule Rwamgasa, lilimfukia wakati wa palizi, na kwa kuwa hakuzikwa kwao Ushirombo, alikuwa akipanda gari la mkewe asubuhi na kushuka jioni. Abiria walishamzoea, isipokuwa wenye nguo nyeupe, kwa sababu ya vumbi.

"Stanslaus, ulipokuwa hai ulikuwa mwembamba kama spoku. Huko mnakula nini?"

"Udongo."

Alikuwa akija nao wote uliomlalia. Angeuacha wapi, na hajafukuliwa?

"Lakini si unapungua?" Melania akauliza. Mwigulu, mwenye duara, alikuwa akimwambia kila Jumapili wakitoka kanisani kwamba vijana wanachimba, wamemkaribia.

Clemens akapitisha kiganja juu ya tairi. "Gurudumu hili nililinyoosha kabla ya Kwaresima. Limelala tena. Mzigo umeongezeka, mama."

Stanslaus akatazama magoti yake. "Wamefungua duara jipya jirani. Kifusi wanakimwaga juu yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatoka kanisani umechangamka."

Clemens akafunga tairi la akiba, wakaenda Rwamgasa mke na mume. Mwigulu aliwapokea kando ya kichuguu cha kifusi, akawasalimu wote wawili kwa heshima.

"Tunachimba, Mama Goodness. Vumilia."

Nyuma yake kijana akapindua toroli juu ya kichuguu. Gari, Stanslaus akiwa bado kitini, likashuka upande wa kushoto, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Mwigulu aliliona likishuka.

"Springi hizo," alisema. "Mwone fundi."

Wakarudi kwa fundi. Gari hupimwa likiwa na mzigo wake wa kila siku, kwa hiyo Clemens alimwomba Stanslaus atulie kitini, akaning'iniza timazi ubavuni mwa gurudumu, akatanua tundu za bolti, akavuta kichwa cha gurudumu nje mpaka kikasimama sawa na uzi.

Melania alikuwa amechuchumaa pembeni, akitazama.

"Usikaze bado," alisema. "Tanua tundu zaidi, iwepo nafasi ya kuvuta tena. Wataongeza kifusi."

Clemens akaacha nafasi. Tangu hapo tairi la akiba linalika sawasawa, ndani na nje.