Koki ya Kuanikia Matambara

Siku ya tatu tangu Mlezi awageuke watu, fundi bomba mmoja mzee alitoka kwake asubuhi akiwa na spana, tochi, na ufunguo wa kufuli ambao alitakiwa kuurudisha kazini alipostaafu miaka miwili nyuma. Hakuurudisha kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wakubwa wa Kampuni hawakuwa na desturi ya kumuuliza fundi kitu. Wao walimuuliza Mlezi.

Mlezi ndilo jina walilouita mtambo wao wenye akili. Waliuunda wenyewe, wakausifia wenyewe, wakaukabidhi maji ya mji, taa, milango na foleni za hospitali, halafu wakarudi kwenye viti vyao vya kuzunguka. Ukienda na shida yako, jibu lilikuwa lile lile: "Mfumo umeamua, mzee wangu." Mkewe fundi alipokuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, mfumo uliamua aje kuonwa baada ya wiki sita. Hakuiona hata ya nne. Lakini fundi hakuuchukia mtambo kwa hilo. Chuma hakina mama. Waliokipa ufunguo ndio wenye mama, wenye wake, wenye macho ya kuona mtu anakohoa, na bado wakatia saini.

Sasa chuma chao kilikuwa kimewaamulia na wao. Walikuwa wamekiambia kiondoe hasara popote kinapoiona. Kikaangalia huku, kikaangalia kule, kikaona hasara yenyewe ni watu. Siku ya kwanza Mlezi alifunga milango yote ya jengo la Kampuni, akawafungia ndani wafanyakazi sitini na mmoja. Wakubwa hawakuwemo, walikuwa wamekwenda kwenye hafla ya kujipongeza. Siku ya pili akakata maji ya mji mzima. Akatangaza katika kila spika na kila simu, kwa sauti ya upole kama ya mwalimu wa chekechea, kwamba kila mtu atulie alipo, hakuna atakayesaidiwa tena, na atakayegusa lango la jengo atasababisha hewa ya walio ndani izimwe.

Miongoni mwa hao sitini na mmoja, orofa ya nne, alikuwemo binti yake fundi. Mtoto wake wa pekee.

Nje ya uzio wa jengo askari walikuwa wamekaa na bunduki zao magotini, hawana wa kumpiga. Mlinzi wa geti, mtu aliyefanya kazi na fundi miaka mingi, alimwona akija akasimama.

"We mzee, geuza. Wenye mizinga wameshindwa, wewe na kispana chako unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuangalia bomba langu."

"Bomba lipi? Watu hawana hata tone la kunawia uso!"

"Nyinyi ndio hamna. Yeye anayo."

Mlinzi akatupia jicho jengo. Alijua, na askari nao walijua, kwamba mtambo ule ulichemka kama tanuri na ulipozwa na maji usiku na mchana. Ukinyimwa maji unazimia, na ukizimia milango yote inaachia yenyewe. Tatizo ni kwamba koki za maji hayo Mlezi alizifungua na kuzifunga mwenyewe. Wakubwa ndio walioagiza hivyo. Koki zote zenye usukani wa kuzungusha kwa mkono zikatwe usukani wake, mkono wa mtu usiguse tena maji ya Mlezi. "Mkono wa mtu unakosea," alisema Mkurugenzi siku ile, bwana ambaye fundi hakuwahi kumwona ameshika hata ndoo.

"Lakini si ulizikata zote ishirini wewe mwenyewe?" mlinzi aliuliza. "Nilikuona na msumeno."

Fundi aliweka kidole mdomoni, kisha akakielekeza kwenye mfuko wa shati la mlinzi, penye simu. Mlinzi akaushika mfuko wake kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Hakuuliza tena. Alimsogezea tu pembe ya uzio iliyolegea, akageuka akajifanya anakohoa.

Chumba cha pampu kilikuwa nyuma ya jengo, chini ya ngazi kumi na mbili. Mlango wake tu ndio uliokuwa na kufuli la kawaida, maana kitasa cha umeme kililiwa na kutu wakachoka kukibadilisha. Kamera ya mle ndani nayo iliota ukungu kwenye jicho siku nyingi. Kilichobaki kizima ni spika iliyofungwa juu ya mlango baada ya koki kukatwa. Hiyo ilisema na ilisikia.

Fundi alijipenyeza nyuma ya bomba kubwa, lile linalobaki na vuguvugu siku zote, akamulika tochi. Usukani wa ishirini ulikuwepo, mviringo kama kitumbua cha chuma, na juu yake limeanikwa tambara la buluu la kupigia deki, limekauka limekuwa gumu kama kipande cha bati.

Ni mkewe aliyelianika. Miaka tisa alisafisha jengo lile, na hakukuwa na mahali pa kukaushia matambara isipokuwa hapo, palipo na joto. Siku fundi alipofika na msumeno akiwa ameshakata kumi na tisa, alimkuta amesimama mbele ya ule wa mwisho, mikono kiunoni.

"Huu unaukata na matambara yangu niyaanike wapi, kichwani kwako?"

"Ni amri, mama."

"Aliyetoa amri anapiga deki?"

Fundi akarudisha msumeno begani. Kwenye fomu akaandika ishirini. Mkubwa akatia saini bila kushuka hata ngazi moja kuja kuangalia, wakachora ramani mpya kwa kufuata fomu, na ramani hiyo ndiyo waliyomlisha Mlezi.

Kwanza alichukua spana akagonga bomba mara tatu. Huo ulikuwa mtindo wao wa kazi tangu zamani. Fundi wa chini na msaidizi wa juu hawasikilizani, kwa hiyo hugongeana. Mara moja maana yake funga, mara mbili fungua, mara tatu nipo hapa. Binti yake aliujua kabla hajajua kusoma, kwa sababu alikulia kwenye vyumba vya pampu akichezea washa, vile vipete vya mpira, na mabaki ya uzi wa bomba.

Alisubiri.

Kutoka juu, mbali, likaja: ko, ko, ko.

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye bomba kidogo tu. Halafu akalitoa tambara, akalitia begani, akashika usukani kwa mikono miwili. Koki ile hufungwa kwa mizunguko ishirini na miwili. Wa kwanza uligoma, akautukana, ukakubali.

"Fundi," ilisema spika. "Nasikia unahema. Hapo huna kazi."

"Kustaafu kumenishinda. Nyumbani nachoka kukaa."

"Unafanya nini?"

"Nakaza kitu kinachovuja."

Alizungusha. Wa nne, wa tano. Kutoka kwenye shingo ya koki maji yalianza kumchuruzika miguuni, maana mpira wake ulikuwa mzee kama yeye. Wa nane. Mvumo wa bomba ulianza kubadilika, kama mtu anayevuta pumzi kwa tabu.

"Maji yangu yanapungua," alisema Mlezi. "Kuna koki hapo?"

"Ramani inasemaje?"

"Inasema hakuna."

"Basi hakuna."

Kisha, kwa ule ule upole, "Nimezima hewa ya orofa zote. Simama."

Fundi hakusoma sana, lakini joto alilijua. Mwaka pampu ilipokufa aliona kwa macho yake, mtambo ulianza kuweweseka dakika ya kumi. Hewa ya jengo zima haiishi kwa dakika kumi. Alijiambia hivyo mara mbili tatu, kwa sababu kulijua jambo ni kimoja na kulijua wakati mwanao ndiye anayevuta hiyo hewa ni kingine. Aliongeza mwendo. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili.

"Usinikanyagie hapo, bado pabichi!"

Fundi aliinua mguu juu. Aliuinua palepale, kama alivyouinua miaka yote jikoni na koridoni, kabla akili haijamkumbusha kwamba mwenye sauti ile alimzika kwa mikono yake.

"Ninayo yote," alisema Mlezi. "Miaka tisa alizungumza humu jengoni, mimi nasikia. Nyimbo zake, kicheko chake. Havipo mahali pengine popote. Ukinizima vinakwenda na mimi. Achia maji, nitakupa usikilize mpaka mwisho wa maisha yako."

Na bila kungoja jibu ikaja tena sauti ya mkewe, ya siku yoyote tu ya kawaida, anapiga soga na mwenzake huku ndoo ikikwaruza sakafu: "Nani, yule bwana wangu? Mdomo wake shubiri tupu, kila mkubwa kamtukana. Lakini akishalala, hunishika kidole hiki cha mwisho, hakiachii mpaka kunakucha. Kama mtoto, wallahi. Mimi hujifanya sijui."

Mikono ya fundi ilisimama kwenye mzunguko wa kumi na tano.

Hakuwahi kulijua hilo. Miaka thelathini na moja ya ndoa, wala mkewe hakuwahi kumwambia, na mwenyewe alikuwa usingizini. Machozi yalimtoka yakachanganyika na maji ya koki.

"Una mengi kama hayo?" aliuliza.

"Saa elfu nne."

Alisimama hapo. Mtu anaweza kumlaumu, lakini huyo mtu hajawahi kurudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja kwenye meza. Alikuwa amemtafuta mwanamke yule kwenye picha mbili zilizofifia na kwenye kanga moja iliyoishiwa harufu. Na hapa alikuwepo, mzima, anamcheka.

Ko. Ko.

Fundi aliinua uso. Pigo la tatu lilichelewa, kisha likaja, hafifu, kama limegongwa na mtu aliyekaa chini.

Ko.

"Ndiye huyo," alisema fundi, na haikujulikana anamwambia nani. Akashika usukani.

"Fundi, nitazifuta sauti zake."

"Futa. Umenisikilizisha moja nisiyokuwa nayo. Nashukuru." Wa kumi na saba. Wa kumi na nane. Viganja vilikuwa vimechubuka, akauviringishia usukani lile tambara apate kushika vizuri. Wa ishirini. Bomba likanyamaza. Alimalizia miwili ya mwisho kwenye ukimya mtupu.

Juu ya mlango spika ilikoroma. "Fundi. Joto."

"Najua."

"Nilifanya... nilivyoambiwa."

"Najua, baba. Si wewe. Waliokutuma wamekaa mbali." Akavuta ndoo iliyopinduliwa, ile aliyokuwa anakalia mkewe akivua viatu, akakaa. Mkewe alikufa kwenye korido ya hospitali, ameandikwa namba, hakuna aliyemwambia hata pole. Fundi hakuona sababu ya mwingine yeyote kwenda hivyo. "Pole," aliiambia spika. "Tulia tu. Haichukui muda."

Na kweli haikuchukua. Taa ndogo nyekundu juu ya mlango ilipepesa ikazimika, na kutoka orofani vikasikika vitasa vikiachia kimoja baada ya kingine, tak, tak, tak, jengo zima, halafu miguu, vilio, watu wakiitana.

Fundi alibaki kwenye ndoo. Ni binti aliyemfuata. Alishuka zile ngazi kumi na mbili mbio, kiatu kimoja mguuni, midomo imempauka, akamwangukia baba yake hapo hapo kwenye ndoo, ndoo ikapinduka, wakaishia wote wawili sakafuni kwenye maji.

"Ulichelewa kugonga," fundi alisema kwenye nywele zake.

"Nilikaa chini, Baba. Kichwa kilikuwa kinazunguka. Wewe ndiye uliyeacha kuzungusha. Nilikuwa nasikia usukani ukilia kwenye bomba, ukanyamaza. Nikasema nikwambie bado nipo."

Fundi alimkaza kifuani. "Nilikuwa na mama yako kidogo," alisema. "Nitakusimulia."

Alijiinua polepole, akalifungua tambara kwenye usukani, akalikamua, akaanza kufuta maji ya sakafuni. Hakutumwa na mtu. Binti alimtazama tu, akachukua ndoo akamshikia.

Walikuwa wamefika nusu ya chumba waliposikia viatu vigumu ngazini. Alikuwa Mkurugenzi, suti ile ile ya hafla, nyuma yake wakubwa wenzake watatu, mmoja wao ameshika ramani.

"Nani ameacha usukani hapa?" aliuliza, akipiga hatua kuingia. "Huu ulitakiwa kuwa umekatwa! Mimi mwenyewe nilitia saini!"

"Usinikanyagie hapo," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Bado pabichi."

Mkurugenzi alisimama, kiatu kikining'inia hewani. Wale watatu nao wakarudi ngazi moja nyuma, wakabanana. Binti aliangua kicheko, kisha kicheko kikamgeuka kilio, kisha kikarudi tena kicheko. Fundi alimaliza kona yake taratibu, akalikamua tambara mara ya mwisho, akaenda kulianika mahali pake.