Mama Mkwe wa Jengo la Vioo

Jumatatu asubuhi, mwaka 1993, Odilia alifungua mlango wa nyuma kumwaga maji ya kuoshea makopo ya mikate, akakuta kizingiti kimekaa juu ya mchicha. Jumamosi alipofunga, mchicha ulikuwa mbali kidogo, unamwagiliwa bila shida. Akamwaga maji pembeni, akazunguka nyumba. Matao ya baraza yalikuwa wima, vigae vyekundu vya paa vimetulia, na moto wa tanuri ulikuwa unawaka kama kawaida. Nyumba ilikuwa imerudi nyuma hatua moja, basi.

Mwamvua, aliyeupanda mchicha huo, alitoka na mikono iliyojaa unga. Alisema maskini, ulikuwa umekaribia kuchumwa, ila alhamdulillahi matembele yamepona. Kisha akarudi kukanda, maana kinyunya hakingojei.

Nyumba hiyo ya Mfaranyaki ilijengwa kwa matofali ya kuchoma enzi za Mjerumani, na tumboni mwake lilikuwamo tanuri ambamo watu wawili wangeweza kulala bila kugusana. Chama cha ushirika kiliitumia kama bohari, kikachoka nayo, kikawapa akina mama waoke mikate. Hiyo ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Unga wa ngano ulipokosekana walioka kwa muhogo, na mji ulikula bila kunung'unika sana. Sasa soko huria lilikuwa limefika Songea. Unga ulipatikana kila duka, na wanunuzi wa nyumba walipatikana vilevile.

Aliyeinunua ni Pankrasi, aliyeanza na marobota ya mitumba na sasa alikuwa na malori. Akina mama walijua kwamba nyumba imeuzwa siku walipoona watu wanachimba msingi kando ya ukuta. Waliambiwa wahame kabla ya Krismasi. Waende wapi, hilo hakuna aliyelisema. Odilia, mwenye stashahada ya sayansi kimu na watoto watatu waliosomeshwa kwa mikate, alikwenda ofisi ya ushirika kuuliza. Akaambiwa aje kesho. Alipokwenda kesho yake, akaambiwa tena hivyohivyo.

Msanifu majengo alitoka Dar es Salaam, kijana anayeitwa Remmy, mwenye miwani na furaha ya kuzaliwa nayo. Hakutaka kuibomoa nyumba ya kale. Alitaka kuiunganisha na jengo jipya la chuma na vioo vya buluu, paa lake limeinuka upande mmoja kama bawa la kuku anayetaka kuruka ukuta. Jipya na la kale, alieleza, vikae bega kwa bega, hakuna kumwonea mwenzake. Odilia aliisikiliza hotuba hiyo na kuikubali. Kisha akaitazama ramani, akaona kwamba mahali pa meza za kukandia pamechorwa kochi na tangi la samaki.

Jengo jipya lilikwenda juu haraka. Lilikuwa kijana mzuri, hilo hakuna aliyebisha. Asubuhi milima ya Matogoro ilijitazama humo ikajipanga vizuri, na wasichana wa Lizaboni walipitia njia hiyo ndefu ya kwenda sokoni ili wajue kanga zao zimekaaje kwa nyuma. Ilibaki kuunganisha tu. Na hapo ndipo nyumba iliporudi nyuma.

Remmy alipima upya kwa tepu, akasema labda tepu imelegea. Fundi Bakili akaongeza urefu wa chuma. Jumanne nyumba ilirudi hatua nyingine, na Jumatano hatua mbili, kwa sababu Jumatano Bakili alikuja na nyundo kubwa. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imekanyaga matembele pia, imevuka mtaro, na imekaa katikati ya barabara, mikate ikiendelea kutoka. Waendesha baiskeli waliokuja kutoka Ruhuwiko waliizunguka. Waliokuwa na haraka walipita ndani, mlango wa mbele hadi wa nyuma, wakanunua mkate njiani. Biashara haikuwahi kuwa nzuri vile. Halmashauri ilimtuma mtu kusema kwamba nyumba haziruhusiwi kuegeshwa barabarani, naye akala andazi akaondoka.

Pankrasi alikuja akasimama barabarani, mikono kiunoni. Vioo vya kuunganishia vilikuwa bado ndani ya masanduku, na mvua za Novemba zilikuwa karibu. Alimwuliza Odilia nyumba hii ina nini.

"Ina adabu," alisema Odilia. "Umeiletea mwanamume ubavuni bila hodi, bila mshenga, bila hata jembe la posa. Ungekuwa wewe msichana ungebaki?"

Pankrasi alifikiri. Alikuwa na mabinti wawili walioolewa, na wa kwanza wao alimpatia mbuzi wazuri. Alisema kweli, hilo lilimpita. Akaondoka kumtafuta mshenga.

Mshenga alikuwa Mzee Rupert, katekista mstaafu, mtu wa maneno mapole na kofia isiyovuliwa ila kwa Mungu na kwa wakwe. Alipofika barazani na jembe jipya lililofungwa kitambaa, akina mama walimpa shikamoo na kiti, naye akauliza wazazi wa binti ni akina nani. Swali lilikuwa la haki. Waliofyatua matofali yale walishakufa, na hakuna aliyejua makaburi yao. Akina mama wakatazamana. Halafu Mwamvua akasema, jamani, nani amemwosha, nani amemfagia, nani amempaka chokaa kila Pasaka ingawa Mwamvua mwenyewe ni Mwislamu? Wakaanza kucheka kama wasichana waliofumwa kisimani. Ndani ya dakika chache wote walikuwa mama wadogo na shangazi wa nyumba, na Odilia alikuwa mama mzazi.

Odilia alikubali haraka, na hakukubali kwa kucheka tu. Aliona mlango umefunguka. Mama wa binti ndiye anayetoa masharti, na yeye sharti lake kubwa lilikuwa moja: akina mama wabaki na tanuri lao. Hilo alipanga kuliweka mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama chini ya sahani.

Mazungumzo yalifanyika barabarani, kwenye mikeka, upande wa bwana harusi umekaa chini ya bawa la vioo. Odilia alisema vigae vya binti yake visiguswe. Mzee Rupert akanong'ona na Pankrasi, Pankrasi akanong'ona na Remmy, jibu likarudi kwamba havitaguswa. Alisema matao yasipigwe lipu. Hayatapigwa. Alisema tanuri lisivunjwe hata tofali moja. Remmy alifurahi hata akasahau kunong'ona, akasema kwa sauti kwamba tanuri ndilo moyo wa mchoro mzima. Kwa kila jibu nyumba ilisogea mbele kidogo, vigae vikilia kama bangili, na kila iliposogea akina mama walipiga vigelele. Mwamvua alikuwa anacheka mpaka machozi. Mpita njia mmoja aliteremka kwenye baiskeli akajiunga na ukoo.

Ndipo Odilia akasema lake la mwisho. Mzee Rupert alivua kofia.

"Hayo, mama, ni mambo ya ndani ya ukoo. Tukishakuwa wakwe tutazungumza."

Odilia angeng'ang'ania, maana hakuwa mtu wa kuahirishwa. Lakini wakati huohuo walimletea kitenge cha mama mzazi, kipya kabisa, chenye harufu ya robota, na nyumba nyuma yake ilikuwa imesogea mpaka kivuli chake kikamfunika mabegani. Akajifunga kitenge. Kilimpendeza.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Padri alisema hana kitabu cha kufungia ndoa ya matofali, ila alipita baada ya misa akabariki mikate, na akakaa mpaka jioni. Ngoma ya mganda ilitoka na kofia nyeupe na filimbi. Upande wa Mwamvua ulileta pilau masufuria makubwa, na jamaa wa Pankrasi walileta ulanzi kwa wanywao. Matao yote matano ya baraza yalivikwa vitenge. Bibi harusi alitoka barabarani akitembea polepole sana, kama inavyompasa mwenye heshima, na kila baada ya hatua chache alisimama akagoma mpaka atunzwe. Alitunzwa sufuria, kufuli jipya, ndoo ya rangi ya mafuta. Alipofika kwenye mchicha wa Mwamvua aliinua ukuta, akauvuka bila kuukanyaga mara ya pili, na umati ukamshangilia kwa adabu hiyo.

Tofali lilipogusa kioo, hakuna aliyehitajika kupaka kitu. Viliingiana kama vidole. Bakili alitia mwiko wake mfukoni akaingia kucheza. Jua la alasiri likapita kwenye vioo likaangukia ndani ya matao, na nyumba ambayo tangu Mjerumani ilikuwa na giza la kahawia ikajaa buluu. Watoto walikimbia humo wakijifanya samaki. Odilia alisimama katikati, uso wake buluu, kitenge chake buluu, akamwambia Remmy kwamba kazi hii ni nzuri. Hakuwa mwepisi wa sifa. Remmy alilia kidogo, akaenda kuongeza pilau.

Jumatatu Odilia alifika alfajiri kama siku zote, mfuko wa unga kichwani na hamira kwenye kikopo. Akina mama wengine walikuwa nyuma yake. Alipokaribia hatua za mwisho, vioo vyote vya jengo jipya vilipata ukungu. Ulianzia juu, chini ya bawa, ukashuka mpaka mlangoni, mpaka jengo zima likawa jeupe na halionyeshi kitu. Mlango wa vioo ukajibana kwenye fremu yake.

Walimkuta Mzee Rupert amekaa kwenye ngazi na kofia mkononi. Aliwaamkia kwa heshima mpya, akiangalia chini.

"Mkweo ana haya, mama," alisema. "Hawezi kukutazama."

Odilia alielewa kabla hajamaliza. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe. Hali chakula naye, hapishani naye njiani, akimwona kwa mbali anajifunika na kutoka kando. Hakuna mama anayemfuata binti yake kwa mumewe na kufungua kambi jikoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameidai adabu hiyo, mbele ya watu, na akavaa kitenge chake. Alikuwa amekivaa hata asubuhi hiyo, kwa sababu kilikuwa kipya.

Akajifunika uso. Nyuma yake Mwamvua na wenzake walifanya vivyo hivyo, maana mama mdogo naye ni mkwe. Wakashuka ngazi kinyumenyume, na unga wao.

Wakahamia uani kwa Odilia, Ruhuwiko, wakaoka kwa mapipa yaliyokatwa, chini ya mabati. Mvua za Novemba zilipokuja zilipiga ubavuni, zikazima mapipa mawili kati ya matatu. Mikate ilitoka myeusi chini na mibichi juu. Mji uliila, ukinung'unika. Kule Mfaranyaki, Pankrasi aliweka kochi na tangi la samaki. Tanuri, ambalo halikuwa limevunjwa hata tofali moja, liliendelea kujiwasha lenyewe kila alfajiri, na samaki wakaiva.

Mwaka uliofuata, nyumba ilijifungua. Kati ya ukuta wa matofali na ukuta wa vioo kilikutwa kibanda kidogo, nusu tofali, nusu kioo, paa la vigae limeinuka upande mmoja. Watu walipeleka uji na kanga. Na kwa kuwa hakuna desturi inayomzuia mama kwenda kumlea binti aliyejifungua, Pankrasi alituma gari Ruhuwiko kuwachukua akina mama wote, kwa heshima zote. Vioo vya baba mtoto viligeukia upande mwingine. Wakaingia kwa mlango wa nyuma.

Wiki zile ziliwalevya. Walikiosha kibanda kwa maji ya vuguvugu, wakakipaka mafuta kwenye bawaba kisikwaruze, na wakaoka. Mikate iliinuka hata ikasukuma vifuniko. Mwamvua alipanda mchicha upya. Odilia alikuwa anaimba, jambo ambalo watoto wake hawakuwa na kumbukumbu nalo. Harufu ilifika Lizaboni, watu wakarudi foleni, safari hii kwa hiari.

Siku ya mwisho ya uzazi Pankrasi alikuja akakaa kwenye kochi, akala mkate wa moto, akasema hajapata kula mkate kama huu. Odilia alikuwa anakunja aproni.

"Pankrasi, nyumba uliiomba ridhaa. Ukaipelekea mshenga, ukailetea jembe. Sisi mbona hukutuuliza?"

Pankrasi alitafuna, akameza. Hakuwa mtu mbaya, na swali alilifikiria sawasawa.

"Nyumba ilirudi nyuma, mama," alisema. "Ninyi mliendelea kuoka."

Akachukua kipande kingine. Nje vioo vilianza kupata ukungu, kutoka juu kushuka chini, maana uzazi ulikuwa umekwisha na jengo lilijua adabu zake. Akina mama wakabeba makopo, wakajifunika, wakatokea kwenye mchicha.

Kibanda kiliwafuata. Kilitembea nyuma ya Odilia kwa hatua fupifupi, kikiyumba, kikavuka mtaro, kikafika ukingo wa barabara. Odilia aligeuka. Kilikuwa kimefungua kadirisha kake kote. Alikifuta unga kwenye kioo kwa pembe ya kitenge.

"Rudi kwa baba yako," alisema.

Kikarudi, kwa kuwa kililelewa vizuri. Odilia akaweka mfuko wa unga kichwani na kushika njia ya Ruhuwiko, na wenzake nyuma yake. Juu ya Matogoro mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mapipa yalikuwa wazi.